Harmon Killebrew alitangaza mwenyewe kuwa hatapona, na mashabiki wakamuaga akiwa bado anasikia

Bwana wa Theluji (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Jukwaa hili limejaa Simba na Yanga mpaka linafurika, kwa hiyo leo nivumilieni nilete mchezo ambao wengi wenu mnauona kwenye filamu tu: besiboli. Nataka kumzungumzia mzee mmoja wa huku Minnesota ninakoishi, Harmon Killebrew, na namna alivyoagana na watu wake Mei 2011.

Kwa wasioujua mchezo: mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo mkononi. Ukiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja ukiwa hewani, unazunguka vituo vyote kwa raha zako, hakuna wa kukugusa. Hiyo ndiyo homurani. Killebrew alipiga 573. Alipostaafu baada ya msimu wa 1975, katika historia yote ya ligi kuu ya Marekani walikuwa wanne tu mbele yake: Hank Aaron, Babe Ruth, Willie Mays na Frank Robinson.

Alizaliwa Payette, mji mdogo wa jimbo la Idaho, mwaka 1936. Timu ya Washington Senators ilimsajili 1954 akiwa na miaka 17. Sheria ya wakati ule ilisema kijana aliyelipwa fedha nyingi za usajili lazima akae kikosi cha kwanza miaka miwili, kwa hiyo dogo akawa anasugua benchi huku wenzake wa rika lake wanacheza kila siku kwenye ligi za chini. Msimu wa kwanza aliopewa nafasi ya kudumu, 1959, akapiga homurani 42. Mwaka 1961 timu nzima ikahamia Minnesota, ikabadilishwa jina kuwa Twins, na yeye ndiye akawa sura yake.

Walimwita "Killer", muuaji. Jina linatisha kuliko mwenyewe. Kila aliyekutana naye anasema alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, anayemsikiliza mtoto wa miaka saba kama anavyomsikiliza gavana.

Sasa nije kwenye hoja. Mwishoni mwa Desemba 2010 alitangaza kuwa ana saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kwenda tumboni. Akaanza matibabu. Ijumaa ya tarehe 13 Mei 2011 akatoa taarifa nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Alisema kwa huzuni kubwa kwamba mapambano yake yanafikia mwisho. Njia zote zimekwisha, ugonjwa umepita pale ambapo madaktari walitumaini kuponya. Kwa miaka kumi alikuwa akiwaelimisha watu kuhusu hospisi, yaani huduma ya wagonjwa wasiopona, na sasa anaingia yeye mwenyewe, moyo wake umetulia. Akawashukuru watu kwa dua zao. Akasema anataka kumalizia siku zake kwa amani na mke wake Nita pembeni.

Jumanne ya tarehe 17 akafariki, nyumbani kwake Scottsdale, Arizona. Miaka 74.

Katikati hapo kuna siku nne. Nimezifikiria sana hizo siku nne. Jimbo zima lilikuwa linamzungumzia mtu ambaye bado yuko hai, na kila mtu anajua haponi, na yeye anajua kwamba wanajua. Redioni watu walipiga simu kusimulia. Wachezaji wa zamani walilia mbele ya kamera. Na karibu hakuna aliyekuwa anasimulia homurani! Walikuwa wanasimulia saini, salamu za mkono, siku aliposimama mvuani hadi mtoto wa mwisho akapata saini yake.

Sisi kwetu tungefanyaje? Tungeficha. Mgonjwa angekuwa "anaendelea vizuri" mpaka saa ya tanzia. Karibuni.

Baharia wa Tanga:

Dah, mkuu umekuja na kitu kipya. Nimekaa.

Kaptula la Jeshi:

Uzi mzuri ila kichwa cha habari umekirefusha kama treni ya mizigo ya Kigoma.

Swali: huyo ndiye yule mtu kwenye nembo ya ligi yao? Ile picha nyeupe ya mpigaji katikati ya nyekundu na bluu. Kuna jamaa aliniapia kabisa.

Bwana wa Theluji:

Kaptula, hiyo hadithi huku ni maarufu mno. Aliyeichora nembo, Jerry Dior, mwaka 1968, alisema hakumlenga mchezaji yeyote. Ila ukiweka picha ya Killebrew pembeni ya nembo utaelewa kwa nini watu hawataki kumwamini.

Mzee wa Takwimu:

Naomba niwe mbaya kidogo, maana humu kila mtu akifa anakuwa malaika. Nimeingia kuangalia namba zake. Wastani wake wa kupiga ni .256. Yaani katika mipira kumi aliyosimama nayo, saba na ushee hakupata kitu. Na alitolewa kwa kukosa mpira mara 1,699. Huyu ndiye wa kujengewa sanamu?

Bwana wa Theluji:

Ngoja nikujibu vizuri maana swali lako ni la mtu anayesoma.

Wastani ule hauhesabu mara ambazo mrushaji alimwogopa akarusha mipira mibovu makusudi mpaka akapewa kituo cha bure. Killebrew alipewa vituo vya bure 1,559. Msimu wa 1969 peke yake vilikuwa 145, na mwaka huohuo akapiga homurani 49, akaleta mikimbio 140 (pointi alizoiletea timu kwa kupiga), akawa mchezaji bora wa ligi yake. Ukijumlisha mara zote alizofika kituoni mwaka ule, ni zaidi ya nne katika kila kumi. Aliongoza ligi yake kwa homurani misimu sita. Mara nane alifikisha 40 au zaidi kwa msimu mmoja.

Ni kweli alikosa sana. Ndivyo walivyo wapigaji wa aina hiyo. Anazungusha gongo kwa nguvu zote au haligusi kabisa.

Halafu kuna ile ya tarehe 3 Juni 1967 kwenye uwanja wa zamani wa Metropolitan. Aliupiga mpira wa Lew Burdette wa California Angels ukaenda kutua viti vya ghorofa ya juu upande wa kushoto, umbali uliokadiriwa kuwa futi 520, kama mita 158 hivi. Uwanja ule ulivunjwa, na mahali pake pakajengwa Mall of America, lile duka kubwa la Bloomington. Ukiingia sehemu ya michezo ya watoto, inua macho ukutani: kuna kiti chekundu kimening'inizwa juu kabisa, peke yake. Ndipo mpira ulipofika. Chini sakafuni kuna bamba linaloonyesha mpigaji aliposimama. Ndugu zetu wengi huku wamepita chini ya kile kiti na mifuko ya ununuzi bila kujua ni cha nini.

Mzee wa Takwimu:

Mita 158?! Sawa, nimekaa na mimi.

Nyamizi:

Mimi besiboli siijui na sitaijua. Ila kwenye hili la kuficha naomba niseme.

Baba yangu tulimficha. Kaka zangu wakubwa walikaa kikao na daktari, wakatoka wakasema mzee ana vidonda vya tumbo. Mzee akawa anakunywa dawa za vidonda, anauliza mbona haviponi. Tulikuwa tunazuia wageni wasiseme kitu. Shangazi yangu alipokuja kutoka Nzega akaangua kilio mlangoni tukamgombeza kana kwamba kaiba. Mpaka leo sijui kama baba alijua. Nadhani alijua, akawa anatuficha sisi kwamba anajua.

Nikisoma huyo mzee wa kizungu kaandika mwenyewe barua ya kuaga, naona wivu, kusema ukweli.

Baharia wa Tanga:

Pole sana dada Nyamizi.

Kisima cha Hekima:

Wakuu, tusikimbilie kusifia kila cha Wazungu. Siku ya mtu kufa anaijua Mungu peke yake. Daktari akisema miezi mitatu, wangapi tumewaona wanaishi miaka kumi? Kumwambia mgonjwa "utakufa" ni kumtangulizia kifo. Mtu akikata tamaa mwili nao unakata tamaa. Wazee wetu hawakuwa wajinga kunyamaza.

Na tuseme ukweli mwingine. Huku ukitangaza kwamba siku zako zimekwisha, kesho yake asubuhi watoto wa mke mkubwa wameshafika na fundi wa kupima kiwanja.

Kaptula la Jeshi:

Hahaha Kisima umemaliza. Fundi anapima huku mgonjwa anachungulia dirishani.

Sista Kanga:

Habari zenu. Mimi pia niko Minnesota, kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa wa hospisi majumbani. Waswahili tupo wengi kwenye kazi hii, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na wenzetu Wasomali waliokulia Mombasa na Nairobi wanaoongea Kiswahili kuliko baadhi yenu humu.

Kisima, nakuheshimu kama kaka, ila hospisi si kumwambia mtu afe. Hapa Marekani utaratibu ni kwamba madaktari wawili wathibitishe kuwa ugonjwa ukiendelea na mwendo wake, mtu ana miezi sita au pungufu. Akipita hiyo miezi bado yupo, anapimwa upya, anaendelea. Wapo wanaotolewa kwenye hospisi kwa sababu wamepata nafuu. Kinachoachwa ni matibabu ya kuusaka ugonjwa ambayo hayasaidii tena. Kinachobaki ni kuondoa maumivu, kumwezesha kupumua, kumsafisha, kukaa na familia, kumleta shekhe au padre akitaka. Wengi wanahudumiwa kitandani kwao.

Ninachokiona kazini kila siku ni kwamba watu wanachelewa. Mgonjwa anakuja kwetu amebakiza siku mbili tatu, dawa ya maumivu ndiyo kwanza inaanza kumkaa, na watoto wako kwenye ndege. Hata huyu mzee, pamoja na kuihubiri hospisi miaka yote hiyo, ukiangalia tarehe alizotaja mleta uzi, aliipata kwa siku nne tu.

Bwana wa Theluji:

Sista, umegusa penyewe. Niongeze kwa nini aliihubiri. Mwaka 1990 aliwahi kuugua vibaya, pafu likasinyaa, umio likaharibika, akaponea chupuchupu. Alipopata nguvu akawa anazunguka nchi kuwaeleza watu kuhusu huduma ya wagonjwa wasiopona, wakati wachezaji wenzake wa zamani wako kwenye gofu. Ingawa gofu nalo alicheza. Mwenzake wa Twins, Danny Thompson, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1976 akiwa bado kijana, na mwaka uliofuata Killebrew akashiriki kuanzisha mashindano ya gofu kule Sun Valley, Idaho, kwa jina la Thompson, kuchangia utafiti wa saratani.

Ndiyo maana ile taarifa yake haikuwa ya kushangaza kwa wanaomfahamu. Alikuwa anafanya alichokuwa anawaambia wengine wafanye.

Chai Moto (Bomet):

Wadau, salamu kutoka Kenya. Nimesoma "saratani ya umio" nikashtuka kwa sababu huku kwetu hiyo si habari ya Marekani, ni habari ya jirani. Ukanda wote huu wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa umio kuliko sehemu nyingi za dunia. Hapa Bomet, hospitali ya Tenwek inajulikana kwa kazi ya kuweka kile kibomba cha kufungua njia ya chakula, ili mtu angalau ameze uji.

Sababu bado wanazitafuta. Pombe na tumbaku zinatajwa, na pia chai yetu ya kuchemka. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Ndiyo, jina langu humu ni Chai Moto, na bado nainywa, lakini siku hizi naiacha ipoe kidogo.

Ukiona ugali umeanza kukwama na unasukuma na maji, usingoje. Wengi huku hufika hospitali wakati hata mate hayapiti.

Nyamizi:

Chai Moto hiyo ya ugali kukwama ndiyo ilivyoanza kwa mama mdogo wa rafiki yangu. Asante.

Shabiki Mkongwe:

Kwa wanaosema mambo haya ni ya besiboli: mmemsahau Sven-Göran Eriksson? Kocha wa Uingereza, 2001 hadi 2006. Januari 2024 alitangaza ana saratani ya kongosho na kwamba akibahatika sana amebakiza mwaka. Alikuwa anaipenda Liverpool tangu zamani na hakuwahi kuifundisha. Tarehe 23 Machi wakamkabidhi kikosi cha wakongwe wa Liverpool pale Anfield, wakacheza na wakongwe wa Ajax. Babu analia, uwanja mzima unaimba. Agosti 26 mwaka huohuo akafariki.

Yule angenyamaza asingekaa kwenye benchi la Anfield hata siku moja. Mimi naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa asilimia zote.

Kisima cha Hekima:

Shabiki, Eriksson nilimwona na nililia pia. Lakini angalia: Ulaya ukitangaza unapewa uwanja wa Anfield. Huku ukitangaza unapewa pole na nauli ya daladala. Michango yetu inakuja msibani. Mgonjwa anahangaika kupata laki mbili za dawa, akifa zinakusanywa milioni nane za jeneza, mahema na mapochopocho. Kabla hatujamlaumu anayeficha, tuulize akisema atapata nini.

Shabiki Mkongwe:

Hapo sina jibu.

Bwana wa Theluji:

Na mimi sina, na sitaki kujifanya ninalo. Kisima kwenye hili ana haki. Killebrew alikuwa na umri wa miaka 74, ana bima, ana mke pembeni, ana jimbo zima linalompenda. Ni rahisi zaidi kusema ukweli ukiwa umezungukwa hivyo. Simwambii mtu yeyote kwamba lazima atangaze kwenye gazeti.

Ila tusichanganye mambo mawili. Kutangazia dunia ni jambo moja. Kumficha mgonjwa mwenyewe ni jingine. Na huku Marekani pia walikuwa wanaficha! Babe Ruth, jina kubwa kuliko yote kwenye mchezo huu, homurani 714, aliugua saratani sehemu ya nyuma ya pua na koo, na inasimuliwa kwamba madaktari na familia hawakumwambia wazi ana ugonjwa gani. Tarehe 13 Juni 1948 walimwita Yankee Stadium kwenye sherehe ya miaka 25 ya uwanja, wakaistaafisha jezi yake namba 3. Ipo picha maarufu aliyopigwa kwa nyuma na Nat Fein: mzee amekonda, jezi inampwaya, ameegemea gongo kama mkongojo. Agosti 16 akafariki.

Na Lou Gehrig kabla yake, tarehe 4 Julai 1939, uwanja huohuo, watu zaidi ya 61,000, ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomlegeza mwili kidogo kidogo. Alisimama akasema anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani. Alifariki Juni 1941. Mpaka leo Wamarekani wanauita ugonjwa ule kwa jina lake.

Killebrew naye alivaa namba 3, kama Ruth. Tofauti yao ni kwamba mmoja alisimama uwanjani watu wote wakijua zaidi yake.

Sista Kanga:

Sentensi hiyo ya mwisho nitaipeleka kazini.

Mwana Lugazi:

Nawasalimu kutoka Uganda, Kiswahili changu kisamehewe. Msifikiri besiboli haiko Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 2011 timu yetu ya watoto ilishinda nafasi ya kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. 2012 watoto wa Lugazi wakafuzu tena, wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Oregon.

Na kuhusu dawa ya maumivu: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, ndiyo iliyotufundisha kutengeneza mofini ya maji. Unameza kidogo kwa kipimo, nyumbani, kijijini. Bei yake ni ndogo sana. Mgonjwa hafai kulia usiku kucha kwa sababu ni maskini.

Baharia wa Tanga:

Mwana Lugazi heshima yako. Na sisi Dar pale Azania sekondari kuna uwanja wa besiboli, Wajapani walisaidia. Nimewahi kupita nikadhani wanajenga hoteli.

Kaptula la Jeshi:

Mleta uzi rudi kwa mzee wako. Umesema saini. Saini ina nini cha ajabu? Messi anasaini kama mtu anajaribu kalamu kama ina wino.

Bwana wa Theluji:

Hapo ndipo utamu ulipo, Kaptula.

Killebrew aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, mpaka mtoto wa darasa la kwanza analisoma. Alipozeeka akawa anakuja kambini kwa Twins kama mwalimu wa heshima, akiwaona vijana wanachora mistari kwenye mpira anawauliza, hii ni nini? Torii Hunter na Michael Cuddyer, wote wachezaji wakubwa, wamesimulia hadharani jinsi mzee alivyowakalisha chini na kuwaambia wasaini jina linalosomeka. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto aliyesimama foleni kukusubiri anastahili kujua amepata jina la nani. Ukiangalia saini za Twins wa kizazi kile utaona zinasomeka.

Na kuna ile ya Rais Eisenhower. Mwaka 1959 rais alikuja uwanjani Washington, akamwomba Killebrew saini ya mjukuu wake David, aliyekuwa shabiki wake. Killebrew akampa, kisha akamwomba rais naye asaini, ampelekee mwanawe. Wakabadilishana kama wazazi wawili getini kwa shule.

Sanamu yake ilisimamishwa nje ya uwanja mpya wa Target Field ulipofunguliwa 2010, na aliiona kwa macho yake. Lango namba 3 limepewa namba yake. Barabara inayopita kando ya Mall of America ni Killebrew Drive. Yaani wale watu hawakungoja.

Nyamizi:

Na siku nne zile, timu yake ilikuwa wapi?

Bwana wa Theluji:

Swali zuri. Taarifa ilipotoka Twins walikuwa nyumbani wakicheza na Toronto Blue Jays. Jumapili, tarehe 15, mzee yuko kitandani Arizona, kijana wa Toronto, José Bautista, akapiga homurani tatu katika mechi moja pale Target Field, kwenye uwanja wenye sanamu ya Killebrew mlangoni. Wageni wametunyoa. Msimu wenyewe ulikuwa mbovu, Twins walipoteza mechi 99.

Alipofariki, watu walijaza maua na kofia na barua miguuni mwa sanamu. Wachezaji walishona namba 3 kwenye jezi. Ratiba ikawa imewapangia kucheza Arizona mwisho wa wiki ileile, kwa hiyo mazishi yalipofanyika Ijumaa ya tarehe 20 huko Peoria, timu nzima ilikuwepo, wachezaji wa sasa na wakongwe kama Rod Carew na Tony Oliva. Tarehe 26 Mei wakafungua Target Field jioni kwa ibada ya kumbukumbu, mashabiki wakaingia.

Lakini ukiniuliza mimi, hayo ya baada ya tarehe 17 yangefanyika vyovyote vile. Hata sisi tungeyafanya, tena kwa mbwembwe zaidi. Yale ya Ijumaa hadi Jumanne ndiyo ambayo sisi hatuna.

Kisima cha Hekima:

Mleta uzi, bado sikubaliani na kutangaza. Ila nimempigia simu mjomba wangu jioni hii. Hatujaongea tangu kesi ya shamba. Sikumwambia kwa nini nimepiga.

Baharia wa Tanga:

Kisima!

Mzee wa Takwimu:

Huyu Kisima ndiye niliyekuwa namsubiri tangu ukurasa wa kwanza.

Kaptula la Jeshi:

Kuna lolote kuhusu utoto wake? Mtu wa hivi hulelewa.

Bwana wa Theluji:

Lipo, alilisimulia mwenyewe mwaka 1984 alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown, akiwa mchezaji wa kwanza wa Twins kuingia. Alisema baba yake alikuwa anacheza naye na kaka yake uani. Mama akatoka akalalamika kwamba wanaharibu nyasi. Baba akamjibu kwamba hapa hatuoteshi nyasi, tunalea wavulana. Baba yule alifariki Harmon akiwa bado kijana, hakuwahi kumwona kwenye ligi kuu.

Amezikwa kwao Payette.

Mgeni Mpya:

Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Baba mdogo wangu ana saratani, yuko Kigamboni, amerudishwa nyumbani, maumivu hayamwachi na familia haijui pa kwenda. Hiyo mofini ya maji kwetu ipo?

Sista Kanga:

Karibu mdogo wangu, na pole. Ipo. Nendeni Taasisi ya Saratani Ocean Road, ulizeni kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu, sema neno hilohilo. Chukueni makaratasi yote ya hospitali. Kama mgonjwa hawezi kusafiri, aende ndugu mmoja na hayo makaratasi aeleze hali, aulize utaratibu wa kumhudumia akiwa nyumbani. Wakianza kumpa mofini, ulizeni pia dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo na watu wengi huiacha kwa sababu hiyo tu.

Na yeye mwenyewe mmemwambia?

Mgeni Mpya:

Bado. Anauliza kila siku.